Wanyama wanaokula kwa kundi: wanasayansi wanajuaje sababu yake?

NjiroDereva

Habari za jioni wadau. Mimi ni dereva na muongoza watalii hapa Arusha, huu mwaka wa kumi na moja niko barabarani, kuna swali limenikaa kichwani tangu safari iliyopita naomba mwenye kujua anisaidie.

Tulikua Ndutu, kusini mwa Serengeti, mwezi huu wa pili na familia moja, baba mama na binti yao wa kama miaka kumi hivi. Nimeegesha pembeni ya kundi la nyumbu waliochanganyika na pundamilia na swala tomi, wote vichwa chini wanakula, ukizima injini unasikia kabisa majani yanavyokatwa, kama mtu anachana nguo kuukuu. Binti akaniuliza mbona wanabanana hivi na majani yamejaa mpaka kule mwisho wa macho, si kila mmoja angeenda zake akala kwa nafasi? Nikamjibu lile jibu letu la siku zote, wanaogopa simba, wakiwa wengi ndo usalama. Akaniangalia akasema: umejuaje?

Hapo nikakosa la kusema. Jibu nalijua, nimelisoma chuo, nimeshalisema mara elfu, ila lilipatikanaje sijui. Nyumbu hajawahi kumwambia mtu sababu zake. Na nikizidi kufikiria nachanganyikiwa, maana nyumbani Njiro kuku wangu nao nikiwamwagia pumba wanarundikana sehemu moja na hapa hakuna simba, mbuzi wa jirani hivyo hivyo. Kwa hiyo naomba msiniambie tu "ni usalama", nipeni njia, huyo mtafiti anakaa wapi, anashika nini mkononi, anahesabu nini mpaka anasimama anasema sababu ni hii na sio ile. Yule binti nimemuahidi jibu, nitamtumia baba yake kwa imeili.

MzeeWaDarubini

Kijana wangu, swali la huyo binti ndilo swali lenyewe, wala usione haya kulileta hapa. Mimi nimefanya kazi ya kuwasaidia watafiti Serengeti miaka mingi, sasa nimepumzika niko Usa River nalima mboga, nitakueleza vile nilivyoshika kwa mikono yangu.

Tulichokuwa tunahesabu kuliko kitu chochote ni kichwa. Swala akikata majani kichwa kiko chini, akichungulia adui kiko juu. Unachagua mnyama mmoja tu katika kundi, unamkazia darubini, kinasa sauti kiko karibu na mdomo, unasema juu, chini, juu, chini, dakika tano nzima bila kumwacha, nzi wanakutembelea usoni na hujikuni maana ukiyumba kidogo tu umempoteza, wote wanafanana. Ukimaliza unaandika wako wangapi, yuko katikati au pembeni, nyasi zinamfika wapi mguuni, mwenzake wa karibu yuko hatua ngapi, saa ngapi, upepo unatoka wapi. Halafu unahamia kundi lingine unaanza upya. Jioni kambini unarudisha mkanda, unaisikiliza sauti yako mwenyewe na kuandika sekunde moja moja. Nimelala na hiyo "juu, chini" kichwani miezi na miezi.

Kwa nini kichwa? Mwaka 1973 Ronald Pulliam alipiga hesabu kwenye karatasi kwamba kama kila ndege anainua kichwa kwa wakati wake bila kupatana na wenzake, basi wakizidi idadi, nafasi ya kwamba angalau mmoja yuko macho inapanda, na kila mmoja anaweza kupunguza kuchungulia akala zaidi. Karatasi haitoshi, lazima mtu aende porini. Brian Bertram akahesabu mbuni kule Tsavo Magharibi, hapo ng'ambo ya mpaka ukitokea Moshi, akatoa matokeo 1980. Mbuni akiwa peke yake kichwa kilikuwa juu karibu theluthi ya muda wote. Wakiwa watatu au wanne, kila mmoja alishuka mpaka kama sehemu moja ya saba. Lakini ukiwajumlisha, ule muda ambao angalau kichwa kimoja kiko juu haukupungua, uliongezeka kidogo. Kwa hiyo kila mmoja anakula zaidi na ulinzi uko palepale. Hilo unaweza kumwambia binti na ukamwambia limehesabiwa.

Ila kuna mtego, na mtego huu tuliambiwa kila asubuhi kabla ya kuwasha gari. Makundi makubwa huwa yako mahali penye majani mazuri. Sasa swala kwenye kundi kubwa anakula sana kwa sababu ana wenzake, au kwa sababu majani ni matamu? Huwezi kujua kama hukupima majani. Aliye pembeni huchungulia kuliko wa katikati, na kundi dogo karibu wote wako pembeni. Mama mwenye mtoto huchungulia kuliko asiye naye. Mwenye njaa hainui kichwa hata umpigie kelele. Mwaka 1989 Mark Elgar alizipitia tafiti za namna hii za ndege na wanyama akaonyesha kwamba nyingi hazikuwa zimeyatenganisha haya mambo, na alisema kweli. Ndio maana tulikuwa tunaandika mpaka urefu wa nyasi.

Halafu "usalama" wenyewe sio kitu kimoja. Kuna macho mengi kama nilivyosema. Kuna kugawana hatari, mkiwa mia simba akimchukua mmoja, wewe nafasi yako ya kuwa huyo mmoja ni ndogo. Na kuna kujificha nyuma ya mwenzako: William Hamilton mwaka 1971 alitoa mfano wa vyura wamekaa kuzunguka bwawa, nyoka anatokea majini anamkamata aliye karibu naye, basi kila chura anaruka aingie katikati ya wenzake wawili, mwisho wote wamerundikana na hakuna aliyemfikiria mwenzake hata kidogo. Ukitazama kwa macho tu, hizi sababu tatu zinaleta picha moja, kundi. Ndipo unatafuta tukio ambalo sababu moja inatabiri hivi na nyingine inatabiri vile.

Mfano Clare FitzGibbon, huyu alifanya kazi Serengeti kwenye duma na swala tomi. Kama macho ya kundi yangekuwa yanamlinda kila mmoja sawasawa, mzembe na mwangalifu wangekuwa na hatari moja. Alichofanya ni kuwafuata duma wakinyatia, akawapima swala kabla duma hajatoka mbio, yule aliyekuja kuchaguliwa pamoja na jirani yake aliyeachwa. Duma alikuwa anawachagua wale wasioinua kichwa mara kwa mara. Maana yake hata ndani ya kundi macho yako mwenyewe bado yanakusaidia wewe, huwezi kulala ukawaachia wenzako kazi yote. Hili alilitoa 1989, na mwaka uliofuata akaandika pia faida ya tomi kuchanganyika na swala granti, maana granti ni mrefu.

Kuku namwachia mwingine, mimi nilikuwa mtu wa porini.

Ticha_Majengo

Shikamoo mzee, umenifundisha leo. Mimi nafundisha baiolojia sekondari hapa Moshi, kuku nitawachukua mimi.

Ndugu NjiroDereva kabla hujauliza kwa nini kuku wako wanarundikana, jiulize kwanza kama ni kundi kweli au ni pumba ndio imerundikana. Wewe umemwaga sehemu moja, wataenda wapi? Hiki ni kitu cha kwanza kabisa watafiti wanachokitoa njiani. Yuko David Harper, 1982 alitoa kazi yake ya bata kwenye bwawa la bustani ya mimea pale Cambridge Uingereza, bata 33, watu wawili wanasimama mbalimbali kando ya bwawa wanarusha vipande vya mkate. Wakirusha kwa kasi sawa bata wanajigawa nusu kwa nusu. Mmoja akirusha mara mbili ya mwenzake, theluthi mbili ya bata wanahamia kwake, na walikua wanajipanga hivyo kabla hata wengine hawajapata kipande kimoja. Hapo hakuna urafiki wala woga, ni chakula tu kinawagawa.

Kwa hiyo fanya hivi, chukua pumba ileile kipimo kilekile, siku moja mwaga sehemu moja, siku ya pili itawanye sawasawa uwanja mzima, mpaka kwenye kona. Saa ileile, kuku walewale, wasiwe wameshiba. Kila baada ya nusu dakika piga picha na simu ukiwa umesimama juu ya kitu, alafu hesabu kwenye picha kila kuku yuko umbali gani na mwenzake wa karibu. Kama wakitawanyika basi ilikua ni pumba. Kama bado wanashikana hata chakula kimeenea, hapo sasa ndo una swali. Nimewafanyisha wanafunzi wangu wa kidato cha tatu, wakabishana siku nzima kuhusu kuku mmoja mweupe aliyekua hafuati mtu, na mabishano yale ndo nilikua nayatafuta.

Na wenzake wanaweza kumfanya kuku ale hata bila adui yeyote. Mwaka 1929 Mjerumani anaitwa Bayer alimlisha kuku mpaka akaacha mwenyewe nafaka iko mbele yake, akamleta kuku mwingine mwenye njaa akaanza kula, na yule aliyeshiba akaanza tena. Sisi nyumbani tunaliona kila siku hatuliandiki.

La usalama kwa ndege lipo jaribio moja nalipenda sana. Robert Kenward Uingereza alikua na kipanga aliyefundishwa, akawa anamuachia kwenye njiwa pori waliokua wanakula shambani, njiwa mmoja, wachache, kundi kubwa, matokeo 1978. Njiwa akiwa peke yake kipanga alifanikiwa karibu mara nane kati ya kumi, kundi likizidi njiwa hamsini hakufikisha hata moja kati ya kumi, na kundi kubwa lilikua linamuona kutoka mbali zaidi. Utamu wake uko wapi, hakungoja kipanga wa porini aamue mwenyewe lini na kundi gani, yeye ndo alikua anamuachia, kwa hiyo aliweza kulinganisha.

MamaMpunga_Chekereni

Naomba na mimi niulize hapohapo kwa ticha maana hili jambo kwangu sio la kitabu. Nalima mpunga Chekereni huku chini ya Moshi na wanaokula kwa kundi kwangu ni kwelea kwelea. Mpunga ukianza kuweka maziwa tunaanza kuamia, saa kumi na moja alfajiri uko shambani na debe na kombeo, watoto upande huu wewe upande ule, unapiga kelele mpaka sauti inaisha, na wakishuka ni kama moshi unaogeuka, unasikia upepo wa mabawa kabla hujawaona vizuri. Wakitua dakika chache tu masuke yamebaki ganda. Ndege mmoja hali kitu, gramu kumi hivi kwa siku ndo tuliambiwa na bwana shamba, sasa zidisha.

Nilichokiona mimi ni hivi. Siku ya kwanza wanakuja wachache, ishirini, thelathini, wanakula wanaondoka. Kesho yake asubuhi linakuja wingu. Kila mwaka hivyohivyo. Mume wangu anasema wale wa kwanza wanakwenda kuwaambia wenzao wanakolala. Je kuna mtu aliyewahi kuhakikisha hilo, maana kama ni kweli basi wale ishirini wa kwanza ndo wa kuwafukuza kwa nguvu zote kabla hawajala.

Ticha_Majengo

Mama pole sana na kazi. Mume wako amesema kitu ambacho watafiti wameandika. Mwaka 1973 Peter Ward na Amotz Zahavi walitoa wazo kwamba sehemu ndege wanapolala kwa pamoja ni kama kijiwe cha habari, aliyekosa chakula leo kesho asubuhi anamfuata aliyeshiba. Na huyo Ward alikua amewatafiti kwelea wenyewe kule Nigeria, kwa hiyo hakuokota wazo hewani.

Kuhakikisha ndo alikuja kufanya Peter de Groot 1980, kwa kwelea kwelea hawahawa, wakiwa kwenye mabanda. Alikua na makundi mawili, moja limefundishwa chakula kiko chumba gani, lingine limefundishwa maji yako chumba gani, kila kundi halijui la mwenzake. Akawalaza pamoja. Wakinyimwa chakula, wale wa maji waliwafuata wa chakula. Wakinyimwa maji, wale wa chakula wakawafuata wa maji. Ndege walewale, banda lilelile, kilichobadilika ni nani ana habari inayotakiwa asubuhi hiyo.

Ila mama nisikudanganye, hii haimaanishi wanaambiana kwa makusudi. Inatosha mmoja anaruka moja kwa moja bila kusitasita na mwenye njaa anamfuata. Na banda sio Chekereni, huku nje kuna mambo mengi, wingu lako la siku ya pili linaweza kua limepita tu kwa sababu mpunga wa eneo zima umeiva wiki moja. Ungeweza kuangalia hivi, wale wachache wa kwanza wakitoka wanaelekea wapi, na wingu la kesho linatokea upande gani. Andika kwenye daftari msimu mzima, na mashamba ya majirani nayo.

MamaMpunga_Chekereni

Wanatokea upande wa magugu maji, hilo sihitaji daftari. Lakini upande wanaoondokea sijawahi kuangalia, nakua nimeshachoka nakaa chini. Msimu huu nitaangalia.

Dada_Kiboriloni

Mimi nasoma tu nauliza kwa nia njema, Mungu si ndo kawaumba hivyo? Kuna haja gani ya kuwasumbua kwelea na mabanda?

Ticha_Majengo

Dada mimi ni mzee wa kanisa, siku ya kwanza nilipoielewa ile kazi ya de Groot nilikaa nje usiku nikamshukuru Mungu. Sijaona kama kujua wanavyofanya kunamuondoa aliyewafanya. Na mama wa Chekereni akijua wanakotoka ana gunia moja la ziada la watoto wake.

Mfugaji_Longido

Wazee mimi nachunga tangu nikiwa na miaka sita, nina neno. Mnasema usalama usalama, sisi tunaona chakula. Toa ng'ombe na mbuzi asubuhi mahali pamoja. Ng'ombe watainamisha vichwa watakwenda kama maji, pamoja, taratibu. Mbuzi ukigeuka tu mmoja yuko kwenye mgunga anachagua majani kwa ncha ya mdomo, mwingine ameshavuka korongo, jioni ndo unawakusanya kwa filimbi na matusi. Simba ni mmoja, fisi ni mmoja, mchungaji ni mmoja. Kwa nini hawa wanashikana na hawa hawashikani? Kwa sababu mdomo wao ni tofauti. Kiangazi kikikaza hata ng'ombe wanatawanyika. Hata yangeyange wanaofuata miguu ya ng'ombe hawafuati kwa woga, wanafuata panzi wanaoruka.

MzeeWaDarubini

Mwanangu wa Longido, ulichoandika hapo kimo kwenye kazi ambayo kila mtu wa wanyama lazima aijue, Peter Jarman, 1974. Alizichukua aina za swala na jamaa zao wa Afrika akazipanga kwa ukubwa wa mwili na wanachokula. Digidigi ni mdogo, anahitaji machipukizi na matunda yenye nguvu, vitu hivyo viko kimoja hapa kimoja pale, akila kimeisha, mwenzake akija nyuma yake hapati kitu. Kwa hiyo digidigi anakaa na mke wake kwenye eneo lao na wanajificha. Swala pala ni wa kati, majani na vichaka, kundi la wastani. Nyati na nyumbu wana tumbo kubwa, wanakula nyasi za kawaida zilizoenea kama mkeka, mia wakipita bado zimebaki. Chakula ndicho kinachoruhusu kundi. Adui ndiye anayelifanya lilipe. Mimi naona vyote viwili vinafanya kazi pamoja na ndio maana nakubaliana nawe nusu, kama ingekuwa ni woga peke yake digidigi ndiye angekuwa kwenye kundi kubwa kuliko wote, maana kila mtu anamla.

Na la yangeyange ni kweli, limehesabiwa kwa hatua na midomo: anayefuata ng'ombe anakamata wadudu wengi zaidi kwa hatua chache kuliko anayetembea peke yake. Hesabu hiyo hata mtoto wa boma anaweza kuifanya, hatua ngapi, amedonoa mara ngapi, dakika moja.

Tena nyasi zenyewe hazikai kimya. Samuel McNaughton alizungushia wigo vipande vya nyasi Serengeti kabla nyumbu hawajapita, ili apate pa kulinganisha, ndani ya wigo hapajaliwa, nje pameliwa. Nje palipoliwa nyasi zilichipua mbichi, ndani ya wigo zikazeeka. Halafu swala tomi walipokuja wakaenda palepale nyumbu walipokula. Hii ni 1976. Kwa hiyo kijana, ule mchanganyiko uliouona Ndutu, wengine pale wanafuata meza iliyoandaliwa na mwenzao. Wigo ni kitu rahisi lakini ukikaa unalifikiria utaona uzito wake, bila ule wigo ungesema tomi wanawapenda nyumbu.

Binti_Mweka

Shikamooni. Niko chuo cha wanyamapori Mweka mwaka wa pili, naongezea la vifaa tu. Siku hizi sio darubini peke yake. Kituo cha utafiti cha Mpala kule Kenya waliwafunga nyani wengi wa kundi moja kola za GPS zinazoandika kila sekunde wako wapi, kazi ikatoka 2015, Ariana Strandburg-Peshkin na wenzake. Swali lilikua nani anaamua kundi liende kula wapi. Tulitegemea dume kubwa, sio yeye. Wawili wakianza kwenda pande zinazokaribiana wanaofuata wanapita katikati, pande zikitofautiana sana wanachagua moja, na upande wenye wengi unashinda. Na Serengeti kuanzia 2010 zilifungwa kamera za kujipiga zenyewe 225 kwenye miti na vyuma, picha zikawa nyingi mpaka watu wa kawaida duniani kote wakaombwa kusaidia kuzitambua kwa kompyuta zao. Kamera haichoki na haimshtui mnyama kama gari linavyomshtua, ila inaona tu kilicho mbele yake, kundi likiwa kubwa nusu liko nje ya picha.

NjiroDereva

Nawashukuru sana, nimesoma mara mbili. Sasa kuna kitu mzee nataka nikubanie. Kama hawa wanakaa kundi wasiliwe, simba je? Huwa nawaambia wageni simba wanaishi kundi kwa sababu wakiwinda pamoja wanapata nyama zaidi. Hilo nalo limehesabiwa?

MzeeWaDarubini

Limehesabiwa, na hapo ndipo nakuomba ubadilishe maelezo yako kwa wageni.

Craig Packer alianza na simba wa Serengeti 1978, akiendeleza kazi ambayo George Schaller aliianza 1966. Unapimaje simba amekula kiasi gani? Tumbo. Unamwangalia kwa ubavu akiwa amesimama, unalipatia tumbo alama, lililoning'inia limejaa, lililoingia ndani ya mbavu ni njaa. Kisha wakawafuata majike wenye kola za redio siku nne mfululizo, mchana na usiku, kipindi cha mbalamwezi ili waonekane. Wewe dereva unajua maana ya kukaa ndani ya gari siku nne usiku na mchana, shingo inakauka, na ukisinzia nusu saa hujui kama wamekula.

Matokeo Packer na wenzake waliyatoa 1990. Mawindo yakiwa tele, ukubwa wa kundi haukubadilisha chakula cha kila jike. Mawindo yakiwa haba, waliofanya vizuri ni jike aliye peke yake na kundi la watano au sita, wale wawili mpaka wanne walikula vibaya zaidi. Sasa kama sababu ingekuwa nyama, majike wangejigawa hivyo. Hawakujigawa, walizidi kukaa na wenzao wengi kadiri walivyoweza. Kwa hiyo nyama haitoshi kueleza. Kinachobaki ni kulinda watoto dhidi ya madume wageni wanaowaua, na kulinda eneo dhidi ya majirani.

Na hilo nalo wakaliwekea mtego. Karen McComb pamoja na Packer na Anne Pusey walitumia spika, wakawapigia majike ngurumo za majike wageni, mara ya jike mmoja, mara ya watatu kwa pamoja. Wakisikia mmoja walikuwa wepesi kumfuata, wakisikia watatu walisita, na walipokuwa wengi wenyewe ndipo walipokwenda. Hiyo ni 1994. Simba wanahesabu waliopo upande ule na waliopo upande wao.

NjiroDereva

Miaka kumi na moja nimekua nikisema tofauti. Nitarekebisha kuanzia safari ijayo.

NjiroDereva

Nimerudi wadau, samahani kwa kuchelewa, nilikua na safari Tarangire.

Kwanza kuku. Nilifanya kama ticha alivyosema, siku mbili rundo, siku mbili nimetawanya pumba mpaka kwenye kona ya choo, mwanangu yuko juu ya ndoo anapiga picha. Nilidhani watatawanyika. Walitawanyika kweli, lakini sio sawasawa, upande wa ukuta ule usio na mti hawakwenda kabisa na pumba ilibaki nyeupe pale mpaka jioni. Walikula chini ya mwembe na pembeni yake. Mke wangu akasema pale ukutani ndo mwewe alipochukua kifaranga mwezi wa kwanza.

Pili Tarangire niliegesha kwenye swala pala, nikawaomba wageni dakika tano wakanikubalia, nikamchagua mmoja mwenye alama sikioni nisimpoteze, mgeni mmoja anaangalia saa, mimi nasema juu, chini. Alafu tukafanya kwa aliyekua peke yake karibu na kichaka. Aliyekua peke yake aliinua kichwa mara nyingi zaidi, hata bila kuandika ungeona. Gari zima lilikua kimya.

MzeeWaDarubini

Vizuri sana. Huyo wa kwenye kundi alikuwa katikati au pembeni? Na yule wa peke yake, dume au jike?

NjiroDereva

Pembeni. Wa peke yake alikua na pembe, kwa hiyo dume, na wa kwenye kundi alikua jike. Nimekuelewa mzee. Jumamosi naingia tena, nitamtafuta dume aliye ndani ya kundi la madume wenzake, na kichaka nitapima kiko hatua ngapi.